Baiskeli hupanda Ghisallo, fedha hubaki ziwani

Kijiji cha Magreglio, kilichoko juu ya mlima kaskazini mwa Italia, kina wakazi wasiofika 1,000. Hakina kiwanda kikubwa, hakina mnada, na mashamba yake hayatoshi kulima cha kupeleka sokoni. Hata hivyo, kila mwisho wa wiki kuanzia Aprili hadi Oktoba barabara yake kuu hujaa wateja ambao mwenye duka yeyote angewatamani: watu wenye kipato, wenye njaa na kiu, waliofika kwa hiari yao na kwa nguvu za miguu yao. Wote wamekuja kwa baiskeli. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya fedha za wateja hao haibaki kijijini. Hushuka nao hadi ziwani, na huko ndiko inakotumika.

Sababu inaanzia kwenye ramani. Ziwa Como lina umbo la herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Mguu mmoja unaishia katika mji wa Como, wa pili unaishia Lecco, na pale miguu hiyo inapokutana ndipo ulipo mji wa Bellagio, maarufu kwa hoteli na bustani zake. Ardhi iliyobanwa katikati huitwa Pembetatu ya Lario, na karibu yote ni milima. Uso wa ziwa uko mita 198 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha barabara ya Ghisallo, kilichoko Magreglio, kiko mita 754. Tofauti hiyo ya mita 550 na kitu ndiyo bidhaa inayouzwa hapa. Hakuna aliyeitengeneza, haiozi, na haihitaji ghala.

NJIA ZENYEWE

Anayetoka Bellagio hupanda kilometa 8.6 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 6.2. Wastani huo unadanganya, kama vile wastani wa bei ya mahindi kwa mwaka unavyomdanganya mtu anayenunua debe mwezi Machi. Kilometa za mwanzo ni kali, na zipo sehemu zinazofikia asilimia 14. Kisha njia inalegea kabisa kupitia Guello na Civenna, hata mpandaji akapata nafasi ya kunywa maji na kutazama ziwa likiwa chini yake upande wa Lecco. Kilometa ya mwisho na nusu inasimama tena. Wengi wanaoishiwa nguvu huishiwa hapo, wakati paa la kanisa liko karibu kuonekana.

Upande wa pili ni mpole. Reli kutoka stesheni ya Cadorna mjini Milano huishia Asso, na kutoka hapo barabara hupanda taratibu kwa kilometa zipatazo 10 kupitia Lasnigo na Barni, ikifuata bonde la mto Lambro, ambao chanzo chake kiko karibu na Magreglio. Hii ndiyo njia ya mteja wa Milano asiye na muda wala fedha za kulala hotelini. Hupakia baiskeli kwenye treni asubuhi, hupanda, hunywa kahawa kileleni, huteremka hadi ziwani, na jioni yuko nyumbani kwake. Kwa mfanyabiashara wa Bellagio mteja huyu ni mchele wa kuonja tu, lakini kwa baa ya Magreglio ndiye mlo wenyewe.

Mzunguko unaopendwa zaidi huanzia Como, hufuata barabara ya kando ya ziwa kwa kilometa 30 hadi Bellagio, hupanda Ghisallo, huteremka hadi Asso na Canzo, kisha hurudi Como kupitia Erba. Jumla ni kilometa 70 na kitu, kazi ya asubuhi moja kwa aliyezoea na ya siku nzima kwa mgeni. Kasoro yake ni barabara ya ziwani, ambayo ni nyembamba sana, yenye kuta za mawe pande zote katika vijiji, na mabasi makubwa mawili yakikutana hapo kila kitu husimama. Wakati wa kiangazi wenye kujua hupita kabla ya saa tatu asubuhi.

Kutoka Lecco ni kilometa 22 hadi Bellagio, njia karibu tambarare lakini yenye mahandaki, kwa hiyo taa ni lazima. Asiyetaka kufika Bellagio hukata kona Onno na kupanda Valbrona hadi Asso. Wenye watoto huzunguka ziwa dogo la Segrino karibu na Canzo, ambako hakuna mlima wa kumtisha mtu.

Halafu upo Muro di Sormano, yaani Ukuta wa Sormano, na jina hilo si la kutia chumvi. Ni kijia cha lami chenye urefu usiofika kilometa 2, mwinuko wake wa wastani ni karibu asilimia 16, na sehemu kali kabisa hupita asilimia 25. Magari hayaruhusiwi. Kila mita ya kimo imeandikwa kwa rangi juu ya lami, ili anayepanda asome polepole jinsi anavyoteseka. Mashindano makubwa ya Lombardia yaliupitia mwaka 1960, 1961 na 1962, kisha waandaaji wakauacha kwa sababu waendeshaji wengi walikuwa wakishuka na kusukuma baiskeli. Ulirudishwa mwaka 2012. Mteremko unaofuata kuelekea Nesso nao si wa mchezo: Agosti 2020 Remco Evenepoel wa Ubelgiji alitupwa juu ya ukingo wa daraja akaangukia bondeni na kuvunjika nyonga. Wapita njia wa kawaida bado wanaufuata ukuta huo kila wiki, na wengi wao husukuma kama wale wa 1962.

KIKANISA KILICHOLETA WATEJA

Milima mizuri iko mingi Ulaya. Magreglio ilipata kitu cha ziada ambacho fedha za matangazo haziwezi kununua. Kileleni pana kanisa dogo la Madonna wa Ghisallo. Kwa simulizi za wenyeji, mtu mmoja mkubwa aliyeitwa Ghisallo alivamiwa na majambazi mahali hapo zama za kale, akakimbilia kwenye picha ya Bikira Maria akaokoka, na tangu hapo wasafiri wakawa wanaomba ulinzi pale. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pius XII alimtangaza Madonna wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli.

Kutokana na tangazo hilo mabingwa walianza kuleta baiskeli na fulana zao kama sadaka. Zimo za Fausto Coppi, Gino Bartali na Eddy Merckx, zimetundikwa ukutani juu ya vichwa vya waumini. Imo pia ile ya Fabio Casartelli, kijana wa mkoa huu wa Como aliyeshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992 na kufa kwa kuanguka katika mashindano ya Ufaransa Julai 1995. Baiskeli hiyo imepinda kama ilivyookotwa barabarani. Wapandaji waliokuwa wakicheka nje huvua kofia na kunyamaza wanapofika mbele yake.

Kuingia kanisani ni bure. Jambo hilo ni zuri kwa dini, na kwa biashara lina maana moja kubwa: kivutio kikuu cha kijiji hakikusanyi kiingilio. Makumbusho ya baiskeli yaliyojengwa jirani na kanisa, na kufunguliwa mwaka 2006, ndiyo yanayouza tiketi. Humo ndani pana fulana nyingi za waridi za washindi wa Giro d'Italia na madirisha makubwa yanayotazama ziwa. Lakini mpandaji aliyeloa jasho, mwenye viatu vyenye vyuma chini na saa ya kurudi kichwani, mara nyingi huchungulia mlangoni akaahirisha hadi safari nyingine.

MIFUKO MITATU YA MGONGONI

Hapa ndipo hesabu ya Magreglio inapokuwa ngumu. Fulana ya mwendesha baiskeli ina mifuko mitatu mgongoni, na soko la kijiji halipiti ukubwa wa mifuko hiyo. Hawezi kubeba chupa ya divai, jibini la kilo mbili wala kinyago. Kinachouzika ni kile kinacholiwa papo hapo, kinachovaliwa papo hapo, au kinachoingia mfukoni: mkate wenye nyama, keki, soda, medali ndogo ya Madonna, kadi ya posta, fulana yenye picha ya kanisa. Zamani waendeshaji walitia gazeti kifuani kuzuia upepo wa mteremko. Siku hizi huvaa koti jembamba linalokunjika kama leso, na aliyesahau la kwake nyumbani atanunua jingine bila kubishana bei, hasa mwezi wa Oktoba.

Kikombe cha espreso kinachonywewa kwa kusimama kaunta nchini Italia huuzwa kwa yuro 1 na senti kadhaa. Ukikaa mezani bei hupanda. Kwa hiyo wapandaji 100 wakinywa kikombe kimoja kimoja na kuondoka, wameacha yuro mia na kitu, na katika hizo mwenye baa atoe kahawa, sukari, umeme, mshahara na kodi. Chini ziwani, mgeni mmoja anayekodi baiskeli ya nyuzi za kaboni hulipa makumi ya yuro kwa siku, na chumba chake cha Bellagio mwezi Julai peke yake hupita mauzo yote ya vikombe hivyo 100. Mteja ni mmoja na mlima ni mmoja. Tofauti ni mahali alipolala.

Kivuko nacho kina fungu lake. Meli za kawaida na zile za kubeba magari zinazounganisha Bellagio, Varenna, Menaggio na Cadenabbia huchukua baiskeli kwa tiketi ya nyongeza, wakati boti za mwendo kasi hazizichukui. Mpandaji akijua hilo hupanga safari yake kufuata ratiba ya meli, na wakati wa kusubiri huutumia kwenye migahawa iliyoko gatini. Dakika 40 za kusubiri meli huuza chakula kingi kuliko mandhari yoyote.

Upo ujanja mmoja rahisi ambao wenye migahawa ya milimani wameugundua. Mwendeshaji hakai mezani kwa sababu anaogopea baiskeli yake, ambayo huenda ina thamani ya gari dogo lililotumika. Akipata chuma cha kuegeshea kilichoko mbele ya macho yake, hukaa. Akikaa huagiza chakula. Pampu ya kujazia upepo, bomba la maji safi na vipande vya kuziba pancha vinavyotolewa bila malipo hufanya kazi hiyo hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko bango la matangazo, na mteja aliyesaidiwa pancha husimulia wenzake.

FIORENZO MAGNI NA KOPO LA NIVEA

Mtu aliyehangaika zaidi hadi makumbusho yakajengwa ni Fiorenzo Magni, bingwa wa Giro d'Italia mwaka 1948, 1951 na 1955, aliyefariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 91. Watu wa michezo humkumbuka kwa ujasiri wake. Watu wa biashara wana sababu nyingine ya kumkumbuka.

Miaka ya mwanzo ya 1950 viwanda vya baiskeli vya Italia vilikuwa taabani. Vespa na Lambretta zilikuwa zimeingia barabarani, magari madogo yalikuwa yakifuata, na mfanyakazi aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli alikuwa akihesabu fedha za kununua pikipiki. Viwanda hivyo ndivyo vilivyokuwa vikilipa mishahara ya timu za mashindano, na sasa vilikuwa vinashindwa. Mwaka 1954 Magni aliwafuata watengenezaji wa mafuta ya ngozi ya Nivea, akawashawishi waweke jina lao kifuani mwa waendeshaji. Wengi walilalamika kwamba ni aibu kuuza krimu juu ya mgongo wa bingwa. Baada ya muda mfupi malalamiko yalikwisha, na timu nyingine zikatafuta watengenezaji wa vinywaji, majiko na mashine za kahawa.

Somo la Magni lilikuwa la muuzaji hodari: alichokuwa akiuza hakikuwa baiskeli tena. Alikuwa akiuza macho ya watu waliosimama kando ya barabara kama ya Ghisallo, mahali ambapo mwendo ni mdogo na mtazamaji ana muda wa kusoma kilichoandikwa kwenye fulana. Mashindano ya Lombardia, yaliyoanza mwaka 1905, yalipanda mlima huu kwa mara ya kwanza mwaka 1919. Kwa siku hiyo moja ya Oktoba kengele za kanisa hulia, helikopta za televisheni huzunguka, na jina la kijiji husikika duniani bila kijiji kulipa hata senti. Waendeshaji wenyewe hupita kwa dakika chache tu.

FEDHA ZA ABU DHABI

Nani basi anavuna kutokana na jina hilo? Sehemu ya jibu iko katika tambarare kati ya milima hii na Milano, ambako mafundi wa fremu wamekuwepo kwa vizazi. Bianchi ilianzishwa Milano mwaka 1885. Ernesto Colnago alifungua karakana yake ndogo Cambiago mwaka 1954, mwaka ule ule wa kopo la Nivea, na baiskeli zake zikapata sifa kwa kupanda barabara hizi hizi chini ya miguu ya Merckx na wengine. Mwaka 2020 mzee Colnago, akiwa ametimiza miaka 88, aliuza hisa nyingi za kampuni kwa Chimera, kampuni ya uwekezaji ya Abu Dhabi.

Wanunuzi hao hawakukurupuka. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa tayari una timu yake tangu 2017, iliyotokana na timu ya Kitaliano ya Lampre, na timu hiyo ilikuwa inapanda Colnago. Mwendeshaji wake Tadej Pogačar wa Slovenia ameshinda Lombardia mara tano mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2025, akifikia idadi ya Coppi. Ushindi wa tano aliupata Oktoba 11, 2025. Septemba 28 ya mwaka huo huo alikuwa Kigali, akichukua ubingwa wa dunia katika mashindano ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Kutoka milima ya Rwanda hadi milima ya Ziwa Como, chombo ni kile kile na nembo ni ile ile. Baiskeli kamili ya daraja la juu ya kampuni hiyo huuzwa kwa zaidi ya yuro 10,000, na sehemu ya bei hiyo ni hadithi ya milima kama Ghisallo.

MWAKA WA MAGHALA KUJAA

Mwekezaji mdogo anayesikia hesabu hizi asikimbilie kununua. Biashara ya baiskeli ina homa zake. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, watu walikwepa mabasi na magari moshi, kila duka likauza kila lilichokuwa nacho, na wenye maduka wakaagiza mara mbili au tatu ili wapate angalau nusu. Mizigo ilipowasili wateja walikuwa wamekwisha nunua. Kufikia 2023 maghala ya Ulaya yalikuwa yamejaa, na punguzo la bei likala faida. Shimano ya Japani, inayotengeneza gia na breki za sehemu kubwa ya baiskeli duniani na ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Tokyo, iliona mauzo yake ya mwaka huo yakianguka kwa karibu robo. Waliouza kahawa mlimani hawakuona anguko hilo kwa ukubwa ule ule, kwa kuwa aliyenunua baiskeli mwaka 2020 alikuwa bado anaipanda.

Kilichobadilika mlimani ni aina ya mteja. Baiskeli za betri zimeleta Magreglio watu ambao zamani wangeishia Bellagio: wazee wa miaka 70, wake kwa waume wasiolingana nguvu, wageni ambao hawajapanda mlima maisha yao yote. Hawa hawana haraka. Hukaa mezani, huingia makumbusho, na hawajali kubeba mfuko. Wengi wao lakini wamekodi chombo chini ziwani, na wanatakiwa kukirudisha kabla duka halijafungwa jioni.

THELUJI AU TAIRI

Juu ya Magreglio umesimama mlima San Primo wenye mita 1,682. Miteremko yake iliwahi kuwa na viwanja vidogo vya kuteleza kwenye theluji, hadi theluji ilipopungua na mitambo ya kupandishia watu ikasimama. Mwaka 2022 uliibuka mpango wa kutumia fedha za umma, kiasi cha yuro milioni 5, kufufua eneo hilo pamoja na theluji ya kutengenezwa kwa mashine. Vikundi vya mazingira viliupinga, vikisema kwamba katika kimo hicho na joto la miaka hii theluji ya mashine ni sawa na kumwaga maji mchangani. Waliouunga mkono walisema kwamba kijiji hakiwezi kuishi kwa miezi saba na kulala miezi mitano.

Hoja yao ya pili si ya kubeza. Baada ya mashindano ya Oktoba majani huanguka, barabara hulowa, na njia za kivulini huota ukungu unaoteleza. Kufikia Novemba hoteli nyingi za Bellagio hufunga milango hadi Machi, na wenye kukodisha baiskeli huzitundika na kuanza kubadilisha minyororo na matairi. Magreglio hubaki na wakazi wake, ambao hunywa kahawa yao asubuhi kwa bei ile ile ya kaunta, na wapandaji wachache wa Milano wanaoshuka Asso siku yenye jua.